Gari ya Jirani

Juzi nilikuwa Unguja kwa harusi ya mpwa wangu. Nikipita Darajani na kikapu changu, niliwakuta vijana wameegemea gari, wanabishana. Mmoja anasema gari za Kijapani za siku hizi ni plastiki tupu, mwengine anaapa kwamba Mkorea ameshampita Mjapani, na wa tatu anawaonesha kwenye simu picha ya gari ya Kichina ambayo hata nchini haijafika. Nilisimama kuwasikiliza mpaka mmoja wao akaniamkia na kuniuliza kama natafuta teksi. Nikasema hapana, nikaendelea na safari yangu. Ningemwambia nini yule mtoto? Kwamba nimesimama kwa sababu nilikuwa namsikia baba yangu?

Kama ulikulia ndani kabisa ya vichochoro vya Mji Mkongwe, mwenzangu, basi wewe gari ulizisikia kwa mbali tu. Sisi tulikaa Vuga, kwenye barabara, na gari zilikuwa zikitupitia mlangoni. Ikishaswaliwa alasiri, wanaume wa mtaa hukusanyika kwenye baraza ya nyumba yetu. Muuza kahawa alikuwa akija akigonganisha vikombe vyake, harufu ya tangawizi inamtangulia, na halua iliyofungwa kwenye kikapu kidogo cha ukindu inafunguliwa. Hapo huanza ubishi, na ubishi wenyewe haukuwa wa siasa wala wa mpira. Ulikuwa wa gari.

Baba alikuwa karani bandarini, kwa hiyo habari zote za gari mpya zilikuwa zikitoka kwake. Yeye ndiye aliyejua leo imeshushwa gari gani, ya nani, na mlango upi umekwaruzwa na kamba. Ya Kifaransa walisema ni godoro, ukikaa unalala. Ya Kimarekani, mbele ikifika Malindi nyuma bado iko Darajani. Lakini ubishi wenyewe hasa ulikuwa baina ya baba na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa na duka la vitambaa. Baba alikuwa na kigari cha Kijerumani, na kwake yeye Mungu hakumpa mtu mwengine akili ya kutengeneza gari ila Mjerumani. Jirani alikuwa na gari nyeusi ya Kiingereza yenye viti vya ngozi, na kila akishindwa hoja hupiga goti lake kwa kiganja na kusema kwamba chuma cha Mwingereza hakimwachi mtu njiani. Watu hucheka, kahawa huongezwa, na kesho yake maneno huanza upya kama vile jana hapakusemwa kitu. Mama alikuwa akisema wale wawili wakipatana siku moja, watakuwa hawana la kuzungumza.

Mapinduzi yalipokuja mimi nilikuwa sijafika hata darasa la pili. Sitakusimulia yote niliyoyaona, mengine unayajua na mengine bado siyawezi. Nitakwambia tu kwamba baraza yetu ilipungua watu kama kinywa cha mzee kinavyopungua meno. Wengine waliaga, wengine hatukujua wameondoka vipi. Duka la jirani lilifungwa, halafu likawa si lake tena. Asubuhi moja akaja kwetu na mkewe na watoto wao, kila mmoja na furushi lake. Wanawake walibaki jikoni wanalia. Jirani alimshika baba mkono, akauacha ufunguo wa gari yake ndani ya kiganja chake.

"Iwashe kila Ijumaa, isije ikafa," alimwambia. "Nikirudi ndiyo tutamaliza maneno yetu."

Baba alisema inshallah. Tangu siku hiyo gari ile ikawa amana. Sisi watoto tulielewa hivi: maadamu gari inawaka, jirani atarudi, na ikifa hatarudi. Nadhani baba naye alielewa hivyo hivyo, ingawa hakupata kuyasema.

Kila Alhamisi jioni kazi yetu ilikuwa kuisafisha. Vile vyuma vyake vya kung'ara tulivisugua kwa ndimu na majivu laini, na viti tulivipaka mafuta ya nazi ili ngozi isipasuke, kwa hiyo gari ya Mwingereza ikawa inanukia kama nywele za bibi yangu. Ijumaa, baba akitoka msikitini, hata kanzu havui, anafungua banda la gari na kuiwasha. Tunakwenda nayo polepole mpaka Kiembe Samaki, tunageuza, tunarudi. Hatushuki popote. Hakupata kuipeleka kazini wala sokoni, hata siku ya mvua, kwa sababu alisema tumeachiwa kuiwasha, hatukuachiwa kuitumia.

Wakati huo bandarini mambo yalikuwa yamebadilika. Vilivyoshushwa sasa vilikuwa malori na gari za jipi kutoka kwa marafiki wapya wa serikali, Urusi, Uchina na Ujerumani ya Mashariki, na hapo ndipo mtu alipoanza kuogopa kutoa maoni yake juu ya gari. Alasiri moja mwalimu wetu wa skuli, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa mabishano hayo, alisema lori jipya lililopita linatoa moshi kama jiko la kuni. Mwenzake akakohoa. Mwalimu aliangalia kulia na kushoto, akamaliza kahawa yake, na hakuja tena barazani. Hakufanywa kitu, alhamdulillahi, lakini hakuja tena.

Walibaki watatu au wanne, na wote walikuwa upande wa baba. Ubishi usio na mpinzani haunogi. Siku moja nikamsikia baba anasema kwamba chuma cha Mwingereza hakimwachi mtu njiani. Wenzake wakacheka, wakidhani ni mzaha. Kesho yake akasema tena, na akapiga goti lake kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya jirani. Akawa anaitetea gari ile kwa hoja zote alizozipinga miaka yote, na wenzake wakawa hawajui wamchukulie vipi. Mmoja alimnong'oneza kwamba si vizuri kusifia gari za wakoloni hadharani. Baba akamwambia kwamba yeye hasifii wakoloni, anamjibia jirani yake kwa kuwa mwenyewe hayupo.

Miaka ya foleni ikaingia. Mchele foleni, sukari foleni, sabuni foleni, na mafuta ya gari ndiyo usiseme. Gari mbili hazikuweza kutunzwa. Baba aliiuza ile yake ya Kijerumani, aliyoipenda kuliko kitu chochote chenye magurudumu, kwa mtu wa Jambiani, na akawa anakwenda kazini kwa baiskeli huku banda lina gari nzima. Mama aliona uchungu. Alisema ametiwa uke wenza na gari, tena mke mwenyewe hapiki hata chai ya asubuhi. Ijumaa ikifika baba huiwasha, tunakwenda Kiembe Samaki.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini jicho moja la baba lilianza kuingia ukungu, na baada ya kuhangaikia ruhusa ya kusafiri alipelekwa hospitali Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa, nikafuatana naye kumshika mkono. Kwenye foleni ya hospitali tulikutana na mtu wa Unguja, na katika mazungumzo akamtaja jirani yetu, ana duka Kariakoo. Sisi miaka yote tulidhani yuko ng'ambo, mbali, mahali ambapo salamu hazifiki. Kumbe alikuwa Dar.

Tulikwenda siku ile ile. Jirani alimkumbatia baba akalia, nami nikalia kwa kuwaona. Alitulisha biriani, akaulizia kila mtu, waliokufa akawaombea. Kisha akasema lazima atutembeze kwa gari yake. Ilikuwa ya Kijapani, mpya, rangi ya maziwa, viti bado vimevaa nailoni.

"Hebu isikilize mashine hiyo," alimwambia baba tulipokuwa njiani. "Mjapani huyu atawafunga wote. Zile za Kiingereza zilikuwa makopo, sheikh wangu. Tulikuwa hatujui tu."

Baba akasema makopo vipi, chuma kile hakimwachi mtu njiani, na akaeleza uzito wa milango yake na utulivu wa injini yake. Yalikuwa maneno ya jirani mwenyewe, neno kwa neno. Jirani aliyacheka kama vile ndiyo kwanza anayasikia.

"Na lile kopo langu liliishia wapi?" aliuliza, macho yako barabarani.

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na jibu lilikuwa limeshanijaa mdomoni. Lipo. Linawaka. Tumelisugua wiki iliyopita. Baba aligeuka akanitazama kwa lile jicho lake zima, nikafunga mdomo.

"Walilichukua zamani," alisema.

"Afadhali," alisema jirani. "Ungehangaika nalo bure."

Akaanza kutuonesha majumba mapya.

Tulirudi Unguja. Usiku wa kwanza baba hakuwa na hamu ya kula, akasema ni uchovu wa chombo. Mama alifurahi sana kusikia kwamba jirani yuko hai na watoto wamekua, akauliza hili na lile, na mwisho akauliza kasemaje kuhusu gari yake.

"Kasema tuendelee kuitunza," baba alimjibu.

Mama aliguna, akasema huyo naye kazidi. Lakini Alhamisi ilipofika alinituma ndimu.

Gari ile ilikufa mwishowe kwa kukosa kipuri kimoja kidogo ambacho hakikupatikana Unguja wala Dar, na Ijumaa zetu zikawa siku kama siku nyengine. Baba ametutoka, na mama, na wote waliokuwa wakikaa pale barazani. Bandani sasa wageni wanauziwa vinyago. Nikipita pale sisikii harufu ya kahawa wala simsikii mtu wa kumpinga mwenzake, na huzuni hunishika, sikufichi.

Lakini linaloniuma zaidi ni jambo dogo. Gari ilipokuwa imeshakufa, fundi mmoja alikuja kutaka kuinunua avunje vipuri. Baba alimkaribisha barazani, akamwitia kahawa, akamwambia kwamba hana ruhusa ya kuuza mali ya mtu.

"Mwenyewe akirudi ntamuuliza," alisema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na katika nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyejua yaliyosemwa ndani ya ile gari ya Dar. Nilimtazama nikingoja acheke. Hakucheka.