Redio Iliyosikika Jioni Tu

Duka la mtaani kwetu lilikuwa na redio tatu, nami nilizijua zote miezi mingi kabla sijawa na uwezo wa kununua hata moja. Zilipangwa kwenye rafu ya juu, na uzi wa cherehani ulikuwa kwenye rafu ya chini yake, kwa hiyo kila nilipokwenda kununua uzi nilizitazama.

Ya kwanza ilikuwa ya mbao, yenye kitambaa usoni, ilishika masafa yote, na ilitumia betri nzito kama tofali. Hiyo ilikuwa ya watu wenye malori, sikuiweka hata katika mawazo yangu. Ya pili ilivaa koti la ngozi lenye matundu. Ilishika masafa ya kati na masafa mafupi pia, na ilikula mawe sita ya tochi, yaani betri ndogo. Ya tatu ilikuwa ya plastiki nyekundu, ndogo kiasi cha kufichika ndani ya shuka. Ilishika masafa ya kati peke yake na ilitosheka na mawe mawili.

Sikutaka redio kwa ajili ya muziki. Nilitaka kujua kama kitinda mimba wetu yu hai.

Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa bado shuleni, na huyo mvulana wa miaka saba. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikakalia kiti cha mama mbele ya cherehani yake. Mvulana alikuwa na kifua kibovu. Mjomba wetu, ndugu ya mama, alikuja kwetu Isiolo kuuza ng'ombe kutoka Sericho, akamsikiliza akikohoa juu ya sahani ya chakula, akasema maziwa ya ngamia yatamponya. Angemrudisha baada ya mvua. Nilimvalisha sweta mbili na kumpandisha lori, naye hakulia, kwa sababu mjomba alikuwa amemwahidi ngamia wa kwake.

Kabla mvua haijafika, vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga, vilifika. Barabara ya mashariki, ya kwenda Sericho, ikafungwa kwa kila gari lisilo la serikali. Tulisikia kwamba watu wa huko wamekusanywa na serikali wakae mahali pamoja, ndani ya ua wa miiba, na mifugo yao inakufa. Niliandika barua tatu. Moja ilirudi imefunguliwa. Nyingine mbili sijui zilikokwenda.

Zilibaki salamu za redio. Kila Jumamosi alasiri mtangazaji huko Nairobi alisoma kadi za watu, nani anamsalimu nani, kutoka wapi. Mtaani kwetu kadi hizo ziligeuka kuwa posta. Watu waliotengana na jamaa zao waliandika majina ya nyumba nzima kwa mpangilio, kuanzia mkubwa hadi mtoto wa mwisho, na ilijulikana kwamba asiyetajwa ameshakufa. Hakuna aliyetufundisha. Ilianza tu, na baada ya muda hata watoto walijua kusikiliza huku wakikunja vidole. Niliona mwanamke akisikiliza kadi ya nyumba ya kaka yake, akafika kidole cha nne, na kidole hicho kikabaki kimesimama.

Mwanzoni nilisikiliza nikiwa nimesimama dirishani kwa jirani. Kisha jirani akahamia Nanyuki na redio yake kubwa. Ndipo nilipoanza kuweka pesa za kushona sare za shule, kidogo kidogo.

Siku ya kununua, nilifika dukani jua likiwa limeshuka, kwa sababu mchana ulikuwa wa cherehani na kafyu ilianza giza linapoingia. Mwenye duka alikuwa wa ukoo wa baba, watu ambao babu zao waliletwa Isiolo na jeshi la wakoloni. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, na kwa desturi yetu yeye pia aliniita adeer.

Aliiwasha ile nyekundu. Sauti ilitoka safi kama mtu aliyekaa nasi.

"Sikia," alisema. "Huyu mtu yuko Nairobi, lakini ni kama nimemfungia kwa kabati."

"Na ya ngozi, adeer?"

"Ya ngozi inashika Nairobi, inashika Cairo, na inashika wale wengine pia." Alitazama mlango kabla ya kuendelea. Wale wengine walikuwa kituo cha ng'ambo ya mpaka kilichowasifu waasi, na nyumba iliyokutwa na sindano ya redio ikielekea huko ilipata wageni wenye bunduki. "Nyinyi mnakaa wasichana wawili. Wakikuuliza unasikiliza nini, utawaonyesha cherehani?"

"Nitawaambia nasikiliza salamu."

"Na mawe? Redio unanunua mara moja, adeer. Mawe unalisha kila siku, kama ng'ombe. Wewe una ng'ombe?"

"Sina."

"Basi chukua hii ndogo. Hii ni kuku."

Nilisimama hapo nikizilinganisha hadi akaanza kufunga dirisha. Ya ngozi ingenilazimu kungoja miezi mingine. Nyekundu ilikuwa inaongea mbele yangu, na nilichotaka ni Nairobi tu. Nikachukua nyekundu.

Mdogo wangu aliigeuzageuza nyumbani. "Umeleta redio ama sanduku la sabuni?" Lakini jioni ile tulikula tukisikiliza habari, na mara ya kwanza baada ya muda mrefu kulikuwa na sauti ya mwanamume ndani ya nyumba.

Jumamosi niliacha kushona mapema. Nilifagia, nikatandika mkeka, nikaweka redio juu ya kiti cha baba. Saa ya salamu ikafika. Redio ikatoa mlio kama mafuta yanayokaanga, basi. Niligeuza kitufe kidogo kidogo kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Kwa mbali, chini ya mlio, kulikuwa na mtu anayesema, lakini hakuna jina nililoweza kushika. Salamu zikaisha. Jua lilipozama, redio ikasafika yenyewe na kuanza kunisomea bei ya kahawa.

Jumatatu nilimrudishia adeer. Aliapa kwamba nimeiangusha, akakataa kuipokea. Ile ya ngozi, alisema, imeshanunuliwa na karani wa ofisi ya wilaya. Aliyenieleza ni mzee mmoja, rafiki ya baba, aliyekuwa fundi wa simu jeshini. Hakuifungua hata. Aliuliza tu, "Uliijaribu saa ngapi dukani?"

"Jioni."

"Masafa haya husafiri mbali jua likizama. Mchana yanachoka njiani, hayafiki kwetu. Ile ya masafa mafupi ingefika." Alinirudishia. "Usijilaumu. Siku hizi Isiolo nzima hununua vitu jioni, mbio, kabla ya kafyu."

Alinipa waya wa shaba, akasema niupandishe juu ya paa, huenda ukasaidia. Niliupandisha mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nilisikia maneno mawili matatu kamili, na jina la Kinna, kijiji cha upande wa mashariki, likapita wazi kabisa. Nilimwita mdogo wangu aje asikilize, ingawa hatukuwa na mtu Kinna.

Jumamosi ya pili askari wawili wa doria waliuona waya. Mmoja, mtu wa nyanda za juu kwa matamshi yake, aliingia na kuufuata kwa kidole kutoka ukutani hadi kitini.

"Hii waya inaenda wapi?"

"Kwa paa."

"Na paa inaongea na nani?"

"Haiongei, afande. Inasikiliza."

Alichuchumaa, akaweka sikio. Akasikiliza kwa muda, uso wake ukilainika. "Dada, hii redio yako inakaanga mandazi," alisema, na mwenzake mlangoni akacheka. Kisha akatoa kisu na kuukata waya, bila hasira, akauviringa na kuutia mfukoni. "Ukikutwa na wengine na waya hii, hawatacheka."

Hapo ningeweza kuuza redio. Sikuiuza. Kila Jumamosi alasiri niliiweka kitini na kukaa mbele yake nikisikiliza kukaanga kule hadi muda uishe. Mdogo wangu alijaribu kukaa nami mara chache, akachoka. "Dada, hakuna mtu humo," alisema siku moja, kwa upole. Nilijua. Lakini niliona kwamba kama kadi ya mvulana itasomwa, haifai isomwe na mimi nipo sokoni.

Nami niliandika kadi yangu. Niliiandika kwa mpangilio: mimi, mdogo wangu, halafu yeye, wa mwisho, huko Sericho. Niliandika kwamba sote ni wazima na sweta ya tatu iko tayari. Niliituma na sikujua kama ilisomwa.

Barabara ilipofunguliwa, lori la kwanza lilileta watu waliokonda na mbuzi wachache. Mjomba hakuwemo. Mvulana alishuka mwenyewe kwa nyuma, mrefu, miguu kama fito, na alinitazama vizuri kabla ya kunikaribia. Hakuwa anakohoa. Mjomba alikuwa amekufa ndani ya ua ule, na ngamia wote pia. Kadi hawakutuma. Hapakuwa na mahali pa kuipeleka, mvulana alisema, barua zote zilikataliwa langoni. Kwa hiyo Jumamosi zote zile nilikuwa ninangojea kitu ambacho hakijaandikwa.

Siku ya tatu aliona redio nyekundu kitini. Aliiangalia bila kuigusa.

"Ile ya askari wa huko ilikuwa kubwa kuliko hii," alisema. "Ya mbao. Jumamosi walikuwa wanaiweka dirishani, sisi tunakaa chini nje. Ndiyo nikakusikia."

Nilisimamisha cherehani. "Ulinisikia?"

"Yule mtu alikutaja. Mjomba alikuwa bado hai. Alinishika mkono akanikunja vidole."

"Alisemaje? Niambie vile alivyosema."

Alinyoosha mgongo, akaiga sauti nzito ya Nairobi, akalitaja jina langu na neno Isiolo. Akataja la dada yake mwingine. Akataja la kwake. Alipofika kwenye sweta ya tatu alishikwa na haya, akamaliza haraka huku akitazama chini.

Nilimwambia arudie tangu mwanzo.