Waya wa Pasi Mbovu

Karakana nzima ilimwita Mama Pasi, kwa sababu ya kipande cha waya alichokitoa kwenye pasi mbovu, akakikata na kukipima mpaka ukinzani wake kwa umeme ukawa omu nne kamili. Alikibeba kwenye pochi kama wenzake wanavyobeba picha za wajukuu. Miaka ishirini na mbili ya ufundi, cheti hana, na sasa meneja amesema wazi: asiye na cheti mwisho wa mwezi afungashe virago.

Mwaka jana alianguka mtihani wa cheti kwa kufuata kitabu. Kitabu kilisema ukitaka kujua nguvu ya sanduku la umeme, unganisha ncha zake mbili moja kwa moja. Akaunganisha. Sanduku likafuka moshi, msimamizi wa mtihani akakohoa, na Mama Pasi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Safari hii alipewa sanduku jingine la namna ileile, la bati jeusi, lenye ncha mbili tu nje. Mchoro wa ndani ulibandikwa ubavuni: betri tatu na rezista kumi na moja za kukinza umeme, zimefumana hovyo. Swali: ni betri gani moja na rezista gani moja zingefanya kazi ya mrundo huo wote?

Vijana waliofanya mtihani naye walizama kwenye hesabu, jasho likiwatiririka. Mama Pasi akapima ncha zikiwa wazi: volti kumi na mbili. Akafunga waya wake kati ya ncha hizo, akapima tena: nane. Omu nne kwa volti nane, basi zinapita ampea mbili. Volti nne zimepotelea ndani kwa ampea hizohizo, kwa hiyo ndani kuna omu mbili. Akaandika: betri moja ya volti kumi na mbili, rezista moja ya omu mbili. Akaweka kalamu.

"Mama, mbona hujapiga hesabu ya mchoro?" msimamizi akauliza.

"Mwanangu, mgeni wangu namuuliza anakula nini. Simpasui tumbo."

Msimamizi akatazama jibu sahihi kwenye karatasi yake, akarudi kwenye la mama, yakalingana. Hatimaye akatia saini, akafungua kabati, akatoa sanduku lililoungua.

"Hongera, mama. Hili uliniunguzia mwaka jana, na hairuhusiwi kumpa fundi asiye na cheti alitengeneze. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Mama Pasi akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaomba bisibisi.