Kitabu Nilichokinunua kwa Karanga

Jambo lote lilinigharimu madebe mawili na nusu ya karanga, safari sita za lori kwenda Makambako na sita za kurudi, jino moja la nyuma, na usingizi wangu wa mchana wa Jumapili. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili nikagundua nimesahau sabuni. Yote hayo kwa ajili ya kitabu kimoja chembamba ambacho mimi mwenyewe nilikitoa maktaba kwa mikono yangu, tena nikijisifu njiani kwamba nimepata faida.

Wakati ule, Mwingereza akiwa bado anatawala, nilikuwa nafundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu, juu ya kilima nje kidogo ya Njombe. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nikapewa na ufunguo wa maktaba. Vijana wangu walitoka Ubena, Ukinga na Upangwa. Kiswahili walikikuta shuleni, kama nilivyokikuta mimi, na tulikizungumza kwa uangalifu, kama watu waliovaa viatu vya kuazima. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukaingia darasani bila kupiga hodi, ukakaa madawati ya nyuma. Kuna siku nilifundisha kipindi kizima nikiwaona watu wa mbele tu. Wale wa nyuma niliwajua kwa vikohozi vyao.

Msomaji mkubwa wa maktaba yangu alikuwa ukungu huohuo. Hakuna kitabu ambacho haukukifungua. Ulipomaliza uliacha madoa ya kijani pembeni mwa kurasa, kama mtu anayeweka alama ili kesho aendelee. Basi kila jua lilipotoka nilitandaza mikeka uani, nikaanika vitabu, nikakaa katikati yake na fimbo ya kufukuzia mbuzi. Hiyo ndiyo kazi ya mtunza maktaba, asikudanganye mtu. Waliopita njiani kwenda mashamba ya pareto walinipungia.

"Kamwene, Mwalimu! Mavuno vipi mwaka huu?"

"Kamusi zimekomaa," nilijibu. "Vitabu vya hesabu bado vibichi."

Nilikaa pale saa nyingi. Upepo ulifungua kurasa na kuzifunga, na mara nyingine, kati ya kusinzia na kuamka, niliona kama vitabu vinapumua.

Siku moja mkuu wa chuo, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya chini, aliingia maktaba akainama akanusa rafu ya chini kabisa. Pale palikuwa na vitabu vya zamani vya Kibena, vya wakati wa Mjerumani, kingo zake zimeliwa na mchwa.

"Hivi vitoke, Mwalimu. Vitaambukiza vingine."

Hakusema viende wapi. Mtu mwingine angevichoma. Mimi kuchoma kitu chenye kurasa siwezi, na kukitoa bure siwezi vilevile. Nikavihesabu, thelathini na saba. Nikavihesabu tena, thelathini na nane, maana viwili vilikuwa vimegandana. Nilipovibandua, kimoja kikafunguka penye picha ya msichana aliyebeba kigae chenye kaa la moto. Nikakihesabu nacho, karatasi ishirini na nne, nikakifunga pamoja na vingine.

Jumamosi nikapanda lori hadi Makambako. Pale malori ya Iringa na Mbeya yanapokutana na ya kwetu, mama mmoja alikuwa akiuza karanga kutoka Wanging'ombe. Alizifunga katika karatasi aliyoikunja kama pembe, na karatasi siku zote zilimpungukia. Nikampa vitabu vyote kwa vioo viwili vya taa. Alianza na kimoja, akitaja watoto wake. Nikataja wangu, ambao sikuwa nao. Tukaachana kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Sasa nimlete shangazi yangu. Alikuwa mjane, dada mkubwa wa baba, akikaa kwenye mteremko chini ya chuo, na macho yake yalikuwa yameanza kuweka ukungu wake yenyewe. Kilima kizima kilimjua kwa hadithi moja. Msichana alitumwa ng'ambo ya mto kuomba moto. Wakati wa kurudi, ukungu ukashuka, na kila nyumba aliyopita iliomba kipande cha kaa. Akatoa, akatoa, mpaka akafika mtoni na kaa moja tu, na gogo la kuvukia limechukuliwa na maji. Basi akaketi papo hapo, akakusanya vijiti, akawasha. Waliokuwa nyumbani wakaona moshi, wakavuka kumfuata yeye, wakajenga alipokaa. "Ndiyo maana sisi tunakaa upande huu wa mto," shangazi alimalizia, na sisi watoto tuligeuka kuutazama mto kana kwamba umetajwa na mwalimu. Kwa zaidi ya miaka arobaini aliwasimulia watoto hivyo, na kila mara alisema, "Niliisoma kitabuni, misheni."

Mwezi mmoja baada ya biashara yangu, nilikwenda kumwamkia, nikamwona anachambua maharage.

"Shikamoo, Shangazi. Unajua nimeiona hadithi yako? Yule msichana wa moto, na picha yake."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Umeiona wapi?"

"Katika kitabu cha zamani, cha Kibena."

"Kumbe kipo." Akausogeza ungo pembeni. "Mwisho wake ukoje?"

"Sikukisoma. Nilihesabu karatasi tu."

"Baba, wewe ukifika mbinguni utahesabu milango, ufungiwe nje."

Lakini hakucheka. Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa msichana misheni, alisoma mpaka pale mtoto anapofika mtoni na kaa moja. Siku hiyo vita vya Mjerumani na Mwingereza vikafika, mwalimu akaondoka, vitabu vikakusanywa. Mwisho aliutunga mwenyewe, jikoni, ili mdogo wake alale. Akausimulia tena, na tena, mpaka akasahau kwamba ni wake.

"Sasa ukisema kipo, maana yake upo mwisho wa kweli. Na mimi nimewadanganya watoto wa watu, nikasema nimesoma."

"Ni hadithi tu, Shangazi."

"Nilisema nimesoma, baba. Nisichokisoma."

Sisi wa Kilutheri, kabla ya Chakula cha Bwana, kila mtu anakwenda kwa mchungaji kuungama na kujiandikisha. Jumamosi ya kujiandikisha shangazi hakwenda. Mara iliyofuata hakwenda pia. Watu walipopanga mstari kwenda mezani, yeye alibaki kwenye benchi, ameshika shuka lake, anatazama mlango. Mtaani wakaanza kupiga hesabu zao. Wengine walisema amegombana na mke wa mzee wa kanisa kwa sababu ya kuku, wengine walimtaja mchungaji mwenyewe. Mchungaji alipomuuliza alijibu, "Nasubiri kitabu kutoka kwa mwanangu."

Kila mtu akanitazama mimi. Na mimi ndiye niliyekibadilisha kwa vioo vya taa.

Nikarudi Makambako. Yule mama alikuwa ameshavichana vitabu, karatasi zote zimechanganywa kapuni, jiwe juu yake kuzuia upepo.

"Mama, naomba nichague karatasi fulani humo."

"Profesa!" akapaza sauti ili wenzake wasikie. Jina hilo alinipa siku ile, na mpaka leo sijaweza kulirudisha. "Umeniuzia uchafu wako, sasa unaudai?"

"Nitanunua. Karatasi tupu, bila karanga, bei gani?"

"Bei ya karanga."

"Bila karanga?"

"Karatasi hiyo nimeshaipigia hesabu ya karanga zake. Ukiichukua tupu, karanga zangu zitakwenda uchi?"

Wenzake wakashikana mabega kwa kicheko. Kwenye kapu hakuniruhusu kutia mkono, alisema mikono yangu ina wino. Kazi yangu ikawa kuinama mbele ya pembe zilizopangwa kwenye sinia, kuchungulia maandishi, na kununua kila niliyoidhania, na nyingi hazikuwa zenyewe. Kwa kuwa nilizilipia, karanga nilizila, na kwa kuwa karanga za sokoni zina mawe, jino likaenda. Nyingine niliwapelekea vijana wa bwenini. Nilisikia wanasema mwalimu wa Kiswahili ameokoka.

Nilirudi Jumamosi sita. Ninapoikumbuka miezi ile naona ukungu tu, na taa za lori zikiupasua polepole, na mimi juu ya magunia nikinyoosha karatasi zenye mafuta juu ya goti. Kitabu kilinijia bila mpangilio. Leo msichana yuko nyumba ya tatu, Jumamosi ijayo hajatoka kwao, halafu ghafla yuko mtoni, miguu yake imelowa. Nilikuwa nikisinzia naye na kuamka naye. Karatasi moja niliikuta kijijini Kitandililo, imebandikwa ukutani kuziba upepo, na mwenye nyumba alikubali kuibandua kwa mche wa sabuni. Tulianzia miche mitatu.

Jumamosi ya sita yule mama akapindua kapu. Likatoka jiwe peke yake.

"Zimekwisha, Profesa. Lete vingine."

Nilikuwa na karatasi ishirini na tatu. Nikazihesabu pale pale kwenye upepo, mara mbili. Mara ya pili hazikuongezeka. Iliyokosekana ilikuwa ya mwisho. Huenda ilishuka kwenda Songea mkononi mwa abiria, ikatupwa dirishani, ikalala kwenye nyasi, ikanyeshewa.

Jumapili mchana, saa yangu ya kulala, nilikaa jikoni kwa shangazi. Nje kulikuwa kweupe kama ndani ya yai. Nilikuwa nimezishona zile karatasi kwa uzi, na mwisho nikaongeza moja ili mkono wake ukipapasa usikute pengo. Niliitoa katika kitabu cha afya, inaeleza namna ya kuchimba choo. Nikasoma. Midomo yake ilikwenda pamoja nami. Tulipofika mtoni, kwenye kaa moja, midomo ikasimama. Moto ulitoa sauti ndogo. Ningeweza kusema, "Shangazi, hapa pamekatika." Badala yake nikafunua, nikaikazia macho picha ya shimo lenye kina cha futi kumi na mbili, nikasoma: msichana akaketi papo hapo, akakusanya vijiti, akawasha. Wakaona moshi. Wakavuka. Wakajenga.

Akanyoosha mkono, akaupapasa ukurasa ule wa mwisho.

"Neno kwa neno," akasema.

"Neno kwa neno, Shangazi."

"Basi nilikisoma. Nilifika mwisho, nikasahau kwamba nilifika." Akapangusa macho kwa ncha ya shuka. "Mimi nilidhani ni changu, kile kipande cha moshi."

Sikuielewa sauti ile siku hiyo. Nilitoka nikijihesabia ushindi. Jumamosi alikwenda kujiandikisha, na Jumapili alikwenda mezani, amenyooka, na mke wa mzee wa kanisa alimsogezea nafasi. Mchungaji alinishukuru kwa kitabu.

Lakini watoto walipokwenda kwake kutaka hadithi ya moto, aliwaambia, "Nendeni kwa mwalimu wa chuo. Ni ya kitabu ile, na kitabu anacho yeye." Wakaja maktaba, saba, wakaketi kwenye mkeka kati ya kamusi. Nikawasomea mpaka kwenye choo. Mdogo wao akaniambia, bila ubaya, kwamba kwangu moshi haupandi. Hawakurudi. Shangazi naye sasa jioni anakaa tu, anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, na nikimwambia asimulie ananijibu, "Ya nini, baba? Ni ya watu ile." Kilima chetu kina watoto wanaoanza kutembea ambao hawajui kwa nini tunakaa upande huu wa mto.

Shangazi bado yu hai wakati naandika haya, na Chakula cha Bwana kinachofuata ni Jumapili ya tatu kuanzia leo. Nikimwambia kweli, kipande cha moshi kitakuwa chake tena, na atarudi kwenye benchi, safari hii pengine asiinuke. Nikinyamaza, ataendelea kwenda mezani, na hadithi imekufa mikononi mwangu. Nimepima pande zote mbili, nikapima tena, mizani haitaki kulala popote. Nyinyi mnaosoma, hasa mliolelewa na shangazi: mngekuwa mimi, mngemwambia? Na kama ndiyo, mngeanza na neno gani?