Blada ya Mlango wa Ng'ombe

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la pili nikatolewa nibebe mtoto mgongoni. Yale ambayo wengine huandika mimi nilizoea kuyashika kichwani, na majina ya watu ndiyo nimeshika kuliko kitu kingine chochote. Hapa sitaweka hata moja. Wengi wamekufa, na walio hai hawajaniruhusu.

Mtu tuliyekuwa tukishindana naye kwa majina ni dada yangu mkubwa. Wakati wa hali ya hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau, tuliishi katika kijiji kilichozungushiwa handaki, nyumba zimepangwa mstari, mlango ukitazama mlango. Hata tulipokuwa wazee, kila nikimtembelea kwake Endarasha tulikuwa tukikaa jikoni karibu na moto na kuanza: nyumba ya kwanza pale langoni, ya nani? Mimi nataja, yeye anataja inayofuata, mpaka tufike mwisho kabisa, kwa yule mjane aliyefuga paka. Nikikosea ananiambia, "Wewe ulikuwa unakojoa kitandani, utajua nini."

Halafu akaanza kusahau. Binti yake, ambaye ndiye anamtunza, alinipigia simu siku moja asubuhi.

"Anti," akasema, "kama unakuja, kuja sasa. Leo ameniuliza mimi ni wa nani."

"Na mimi je?"

"Wewe bado anakutaja. Anauliza mdogo wake atakuja lini. Lakini mwezi ujao sijui."

Nikamwambia ampe simu. Nilimwita dada jina lile la utotoni, ambalo tumebaki watu wawili tu tunaolijua. Nikamsikia akisema, "Zima hiyo redio."

Kutoka kwetu Wamagana hadi Endarasha si mbali kwa mtu mwenye miguu. Mguu wangu wa kulia haujakunjika tangu nianguke kwenye majani chai. Matatu siwezi kuingia. Teksi tulijaribu mara moja, mguu ukabaki nje ya mlango kama mwiko kwenye sufuria, nikateremshwa. Kuna gari moja tu ninaloweza kupanda, pikapu ya marehemu mzee wangu, baba wa watoto wangu. Nilipoumia, yeye mwenyewe alifungua kiti cha abiria, akakirudisha nyuma na kukifunga upya, nikapata mahali pa kunyoosha.

Pikapu hiyo ni kuukuu kuliko mtoto wangu wa mwisho, ambaye ni mwalimu na ndiye anaiendesha siku hizi. Mzee aliitunza kama ng'ombe wa maziwa. Kila Jumamosi alifungua boneti akapanguza injini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Alipotimiza mwaka tangu tumzike, tukawa na maombi nyumbani, na mimi nikasema sitaki watu waone gari lake limekaa kwa vumbi. Nikachukua kitambaa changu, nikafungua boneti. Nikapanguza kila mahali mkono wangu ulipofika. Pembeni nilikuta kipande cha blada, huu mpira wa ndani wa tairi watu hufungia mizigo kwenye baiskeli, kimezungushwa mara tatu na kufungwa fundo kwenye paipu nene, kimejaa grisi na matope. Nikaona ni uchafu, labda alikiweka hapo akasahau. Nikakifungua, nikakiosha kwa sabuni. Kilikuwa kirefu na bado kina nguvu. Siku hiyo hiyo nikakifungia mlango wa zizi, kwa sababu kamba ya katani ilikuwa imeoza.

Sikuwaza kitu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Gari likaanza shida. Likitembea, ni zima. Likisimama, mwanangu akitoa mguu kwenye mafuta, injini inapanda, inashuka, inapanda, inatetemeka mpaka vioo vinalia, halafu inazima. Ikiwa na moto, kuwaka tena ni mpaka ipoe. Kwa hivyo tukawa tunaegesha kwenye mteremko peke yake, ili ikikataa isukumwe.

Jumamosi ya kwanza baada ya ile simu tuliondoka mapema. Likazima tukipanda kuingia mjini Nyeri, likazima tena kwenye mzunguko, magari nyuma yetu yakipiga honi. Mwanangu akaliwasha, akageuza, tukarudi nyumbani.

Fundi wa hapa kwetu sokoni ni kijana mwenye maneno mengi, na mimi huniita shosho, yaani bibi. "Shosho, hii ni kabureta tu," akasema. Akaifungua, akaiosha kwa petroli, akapuliza kila tundu. Likatulia siku mbili. Akabadilisha plagi. Akabadilisha filta. Mwishowe akachukua bisibisi, akakaza skrubu moja, gari likawa linapiga kelele hata likisimama, kama mtu anayegombana na hajajibiwa.

"Sasa haizimi," akasema.

"Haizimi kwa sababu umeifinya koo," mwanangu akamwambia.

"Mwalimu, fundisha watoto, wacha mimi nifundishe gari."

Tukaenda hivyo hivyo na kelele zake. Tulifika Mweiga. Hapo kuna matuta ya barabarani, na kwenye la pili likachemka, likazima, likakataa kabisa. Nilikaa ndani, mguu wangu umenyooka, nikiangalia barabara ya Endarasha iko pale mbele yangu. Mwanangu alisimama kando, mikono kiunoni. Binti ya dada akapiga simu akisema dada amevaa kitambaa kipya tangu asubuhi na ameketi mlangoni. Nikamwambia amwambie gari limeharibika. Trakta ikatuvuta mpaka mjini.

Nikamuuliza binti kama anaweza kumleta mama yake kwangu. Akasema akifikishwa langoni huanza kupiga mayowe, anafikiri anarudishwa kule kijijini kwenye handaki.

Halafu mvua ndefu ikaanza, na barabara ya kule ndani ikawa uji. Wiki zikapita. Nilikuwa nikipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili binti yake alikuwa na jambo jipya dada amelipoteza. Mimi nilifungua mlango wa zizi asubuhi, nikaufunga jioni.

Mvua ilipopungua mwanangu akasema kuna fundi mzee mjini, mtaa wa Majengo, Mwislamu, aliyekuwa akinywa chai na baba yake. Tukaenda. Mzee huyo hakushika bisibisi. Aliwasha gari, akainama, akasikiliza muda mrefu.

"Breki zake zikoje?" akauliza.

Mwanangu akashangaa. "Ni ngumu. Zimekuwa ngumu tangu mwaka jana. Nilifikiri ni uzee."

"Hakuna uzee hapa. Gari inakunywa hewa mahali haifai."

Akaitisha kikombe cha maji. Akawa anadondosha maji kidogo kidogo juu ya paipu, moja baada ya nyingine, gari likinguruma na kutetemeka. Alipofika kwenye ile paipu nene inayotoka kwenye injini kwenda kwenye breki, maji yalifyonzwa ndani na injini ikatulia kidogo, kama mtoto aliyepewa titi. Halafu ikaanza tena.

"Hapa," akasema. "Imepasuka." Akazima, akaisugua kwa kidole gumba. "Na mzee wako alijua. Angalia, mwalimu. Hapa palikuwa pamefungwa na kitu, alama iko. Nani alitoa?"

"Ni yule wa sokoni," mwanangu akasema. "Alifungua kila kitu."

Yule fundi akanitazama mimi, sijui kwa nini. Labda hakunitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu kile kilichorudishwa nyuma, mlango wazi. Nikaanza kufuta vumbi kwenye dashibodi kwa leso yangu.

Akaweka paipu nyingine, akalegeza ile skrubu. Kazi yote haikumaliza saa moja. Gari likasimama likinguruma taratibu, kama wakati wa mzee wangu.

Kesho yake tukaenda Endarasha. Halikuzima mahali popote. Mwanangu alifurahi hata tulipofika hakulizima, akaliacha uani akisema acha nilisikilize kidogo.

Dada alikuwa jikoni. Alinipa mkono kwa adabu, jinsi unavyompa mgeni wa kanisani, akamwambia binti yake anipe kiti kizuri na chai. Nikamwita jina lile la utotoni. Akainua macho, halafu akayarudisha motoni.

Nikaona nianze mstari. Nikataja nyumba ya kwanza pale langoni. Akasogeza kuni. Nikataja ya pili. Nilipotaja ya tatu, yeye akataja ya nne, na ya tano, na ya sita, bila kukosea. Nikataja ya saba.

Akanigeukia. "Wewe ulijuaje hao watu?"

"Nilikuwa hapo."

"Hapana," akasema. "Ningekujua." Akanisogezea chai. "Mdogo wangu ndiye anawajua. Anakuja leo. Ni mtoto mzuri, ila alikuwa anakojoa kitandani."

Binti yake akatoka nje.

"Waliniambia gari lao ni bovu," dada akasema. "Wewe umetoka huko. Limepona?"

Nje lilikuwa linanguruma, sawasawa, haliruki, halishuki.

"Limepona," nikasema.

"Basi mbona haji?"

Nikanywa chai. Nikamtajia nyumba ya nane, lakini alikuwa ameanza kuchambua maharagwe.

Njiani tukirudi mwanangu aliniambia, "Umeona? Halijazima hata mara moja." Nikasema nimeona. Akaendelea kumlaumu yule kijana wa sokoni mpaka Mweiga, na mimi nikaangalia nje. Kijana huyo siku hizi akinisalimia, "Shosho, habari ya gari?" ninamwambia ni nzuri.

Ile blada bado iko kwenye mlango wa zizi. Nilifikiri nitaitoa, lakini ng'ombe wangetoka. Jioni hii nimeifunga, mizunguko mitatu na fundo, vile vile mzee alivyokuwa ameifunga kwenye paipu.