Siku Tano za Mtoto Mmoja

Binti yangu alipofikisha miaka mitatu, niliamua: ataenda materneli, shule ya watoto wadogo, siku zote tano. Mimi ni fundi wa kushona, mashini yangu iko sokoni, na mtoto hakai mahali palipo na sindano na mkasi. Mume wangu anafanya kazi kwenye reli. Leo yupo, kesho treni imeondoka naye. Mama mkwe alitoka Kabongo kuja kunisaidia mtoto alipozaliwa, akabaki. Nikajiambia, acha mzee naye apumzike. Loo, nilivyojiona mwema!

"Siku tano?" mama mkwe aliuliza, huku akichambua majani ya sombe. "Mutoto iko mudogo hivi? Siku moja inamutosha."

Kwetu mama mkwe hajibizwi, basi niligombeza sufuria. Nilizigonga mpaka jirani akauliza kuna nini.

Mtoto akaenda. Wiki haijaisha, madamu wa darasa lake akaniita pembeni. "Mama, mutoto yako hasalimiake bantu. Batoto bote banasema bonzhuri, yeye anasimama tu, ananiangalia. Kama haiko mugonjwa, basi njo kiburi." Akanishauri nichague: aje kila siku bila kukosa ili azoee, ama abaki nyumbani mpaka mwaka kesho.

Nilirudi nyumbani damu inachemka. Kiburi! Mtoto ambaye hata pua hajui kujifuta!

Jioni hiyo baba yake alirudi kutoka stesheni. Kama kawaida, alichuchumaa mlangoni, akapiga makofi taratibu, akamsalimu binti yake kwa Kiluba: "Wakomapo, Mama." Naye, mdomo umejaa mafuta ya mawese, akaitikia kwa utulivu wa mtu mzima: "Eyo vidye."

Mawee! Nikaacha nilichokuwa nikifanya. Binti yangu amepewa jina la bibi yake, huyu mama mkwe wangu, na kwa Baluba jina haliji peke yake, linakuja na heshima zake. Baba yake humwita Mama. Sote humo ndani tunamsalimu yeye kwanza, naye ndiye anayeitikia. Kumbe kule darasani alikuwa anamngoja madamu apige makofi!

Nilicheka hadi nikakaa chini. Mama mkwe alinishinda, alicheka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. Kesho yake nilimweleza madamu, ambaye kwao ni Maniema na desturi hiyo haijui, naye akacheka na kuahidi kumfundisha polepole.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini mama mkwe alipomaliza kucheka, alisema kitu ambacho sikukitarajia, tena bila hasira. "Kama anaenda kila siku, minyi nitarudia Kabongo. Niko nafanya nini hapa?"

Niliogopa, nasema kweli. Nilikuwa nimemhesabu kama mtu anayechoka, sikumfikiria kama mtu anayeweza kuondoka. Akiondoka, nani atamsemesha mtoto Kiluba baba yake akiwa safarini? Mimi mwenyewe nimekulia kambi ya reli, Kiluba changu kinachechemea. Ni kweli, bibi hawezi kumpa Kifaransa, wala nyimbo zile za darasani, wala wenzake wa kugombania mpira. Lakini madamu naye hawezi kumfundisha mtoto kuitikia salamu kwa utulivu ule. Wiki nzima nilipiga hesabu hiyo kichwani huku nikikanyaga mashini, nikaharibu mikono miwili ya blauzi ya mteja.

Mwishowe nikapata jibu, na nililipenda sana. Nikamwambia mama mkwe akiwa jikoni anasonga bukari: siku tatu mtoto ataenda materneli, na madamu amekubali, siku mbili atashinda naye nyumbani. Hakuna atakayenyimwa.

Alisonga kidogo, akatikisa kichwa kukubali. "Ni muzuri. Tatu za madamu, mbili zangu." Kisha akaacha mwiko, akanigeukia. "Na zako weye? Zako njo gani?"

"Jumapili," nilijibu haraka.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Mapajani mwangu kulikuwa na gauni la harusi ya watu, nalipinda ukingo kwa mkono tangu tulipotoka kanisani, na mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa bibi yake.