Vita vya Kimya vya Mama Aika

Kabla ya msumari ule nilikuwa mtu wa raha ndogo ndogo, wala sikuzionea haya. Mimi ni fundi seremala, mzaliwa wa Machame. Nyumba yangu imo ndani ya kihamba cha baba yangu, shamba letu la urithi, yeye juu kidogo, mimi chini, na katikati yetu migomba na kahawa. Mbele ya mlango nilikuwa na bustani isiyozidi ukubwa wa chumba kimoja. Nilipanda mnafu, vitunguu na karoti, na upande wa njiani nikaweka dalia nyekundu. Watu walinicheka. Mwanamume mzima anamwagilia maua, kwani yanapikwa? Niliwajibu kwamba hayapikwi, ndiyo maana hakuna anayeniibia.

Ndani nilikuwa na rafu niliyoitengeneza kwa mabaki ya mbao, na juu yake vitabu, vingi nilivyoachiwa na mwalimu mmoja mgeni aliporudi kwao. Jioni nilinawa miguu, nikawasha chemli, nikasoma. Saa hiyo hiyo alikuwa akija paka wa Mama Monika, jirani yetu mjane. Hakuwa paka wangu na sikumlisha hata siku moja. Alikuja kututembelea tu, akalala juu ya ukurasa ninaousoma, nasi tukamwita Karani kwa jinsi alivyopenda karatasi. Mke wangu, ambaye kila mtu anamwita Mama Aika kwa jina la binti yetu, alikuwa akisema mimi na paka yule tunafanana kwa uvivu.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, mafuta ya taa foleni. Asubuhi moja nilikuwa nimebeba samadi kutoka zizini kuipeleka kwenye vitunguu, miguu mitupu, nikakanyaga ubao wangu mwenyewe wenye msumari ulioshika kutu. Uliingia unyayoni mpaka nikausikia ukigusa mfupa. Niliketi chini palepale kwenye samadi, nikaung'oa kwa koleo, na damu ikaruka hadi kwenye karoti.

"Osha kwa sabuni," Mama Aika akasema.

"Sabuni gani?"

"Basi nenda zahanati ukachomwe sindano."

"Kwa msumari? Mimi ningekwenda zahanati kwa kila msumari, si ningehamia huko!"

Nikajitilia mafuta ya taa kwenye tundu, matone machache tu, kwa sababu yaliyobaki nilitaka kusomea. Nasema ukweli wangu hapa bila kujificha. Niliuhurumia utambi kuliko mguu wangu.

Kidonda kilifunga vizuri, na mimi nikajisifu. Siku ya tisa au ya kumi, nikiwa nakula ndizi, taya likagoma. Nilidhani ni jino. Kesho yake shingo ilikuwa ngumu, sikuweza kuinama kuona vifungo vya shati langu. Kesho kutwa yake tumbo likawa gumu kama ubao wa kukatia nyama, na mate hayakumezeka. Mama Monika alikuja kutueleza habari za msiba wa dada yake, akanitazama usoni, akanyanyuka kwa hasira. "Namwambia habari za marehemu, yeye ananichekea!" Sikuwa nacheka. Misuli ya uso ilikuwa imevuta midomo yangu nyuma hadi meno yote yakawa nje, na sikuwa na uwezo wa kuyafunika.

Walinipakia kwenye pikapu ya kubebea kahawa. Njia ya kushuka kutoka kwetu mpaka barabara kuu ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo lilinikunja. Mgongo ulijivuta nyuma kama upinde, visigino vikagonga bodi ya gari, nikajing'ata ulimi na damu ikanijaa kinywani bila mahali pa kutokea, maana meno yalikuwa yamefungwa. Na akili yangu ilikuwa safi kabisa! Hilo ndilo watu hawalijui. Pepopunda haikuzimishi. Inakuvunja ukiwa macho, unahesabu kila jeraha.

Katika hospitali mjini Moshi daktari alinigusa bega kwa kidole kimoja, nikaruka kitandani. Hakuuliza zaidi.

"Mama, hii ni pepopunda," alimwambia mke wangu kwa sauti ya chini. "Tutampa dawa, lakini dawa kubwa ni giza na kimya. Mwanga ukimpiga, atakakamaa. Sauti ikimpiga, atakakamaa. Akikakamaa kwa muda mrefu kifua kitafunga, hatapumua. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hata wewe usiseme naye."

Wakaupasua unyayo wangu na kukata nyama iliyooza ndani. Wakanipitisha mpira puani hadi tumboni kwa ajili ya uji na maziwa, na mpira mwingine wa mkojo, na sindano nimesahau ngapi. Wakanilaza peke yangu katika chumba cha mwisho, blanketi zimetundikwa dirishani. Mle ndani niliumwa vibaya sana. Kijiko kikianguka kwenye korido, mwili wangu ulinirusha. Siku ya pili meno mawili yalipasuka kwa kusagana. Siku ya nne kitu kililia katikati ya mgongo, ko, na daktari baadaye aliniambia ni pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea kwa nguvu za misuli yangu mwenyewe. Hakuna aliyenipiga. Nilijipiga mwenyewe.

Katikati ya mapigo hayo nilikuwa nakwenda nyumbani kwa mawazo. Nilitembea bustanini polepole, mstari kwa mstari, nikang'oa magugu kwenye karoti. Nilijaribu kukumbuka kitabu kizuri cha kunitia nguvu, na kichwa changu kikaniletea ukurasa mmoja tu, maelezo ya namna ya kuhamisha miche ya vitunguu. Niliusoma ukurasa ule moyoni kutwa nzima. Uliniweka hai, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Kutokwenda kumwona ni aibu kubwa, na kwenda bila kuimba na kusali ni nusu ya kwenda. Baada ya ibada usharika wetu uliteremka kwa lori, watu kama thelathini, mbele yao baba yangu, Mzee Eliamini, ambaye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Muuguzi wetu alikuwa ameitwa wodi nyingine. Mama Aika alikuwa nyuma, kwenye karo, anafua shuka nililochafua.

Mlango ulifunguliwa na jua lote likaingia. Mgongo ukanyanyuka. Baba akaniona nimepinda juu ya kisogo na visigino, meno nje, macho yamenitoka, akaamini mwanawe anakata roho. Akapaza wimbo, na sauti thelathini zikampokea.

Sijui nieleze vipi. Kila mstari ulikuwa rungu. Nilitaka kupiga kelele, taya halikufunguka. Nilitaka kumwonyesha baba kwa macho, naye alikuwa ameyafumba yake kwa uchungu. Kadiri nilivyotupwatupwa ndivyo walivyozidisha sauti, wakidhani roho inahangaika. Ubeti wa pili kifua kikafunga. Hewa ikakatika. Nikawa nasikia sauti ya besi ya baba yangu, sauti niliyoipenda tangu utotoni, na nikajua kwamba ndiyo inayoniua. Nilimchukia. Kwa muda ule nilimchukia kuliko mtu yeyote duniani.

Hapo Mama Aika akatokea mlangoni, shuka lililolowa mkononi.

Angeweza kupiga ukelele wa kuwaamuru wanyamaze, na ukelele huo ungenimaliza. Alijua. Basi hakutoa hata neno. Alilisokota lile shuka na kumchapa nalo baba mkwe wake mdomoni, kwa nguvu zote, mara moja, mara mbili. Baba alipofumbua macho na kufungua kinywa kwa mshangao, akamshindilia pembe ya shuka humo humo kinywani na kumsukuma. Mzee alianguka kwa mkono sakafuni na mkono ukavunjika kwenye kifundo. Wimbo ukakatika. Mzee mmoja wa kanisa akamshika Mama Aika nywele kumvuta. Naye Mama Aika akamng'ata mkono hadi damu, bila sauti. Aliwakwaruza, aliwapiga viwiko, aliwasukuma kina mama aliokuwa akisali nao, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho akatoka. Kisha akaufunga mlango taratibu sana, kwa kidole, usilie. Hayo ya mwisho nilisimuliwa na muuguzi, aliyekuwa amerudi mbio aliposikia wimbo, maana mimi nilikuwa nimeshakuwa wa bluu.

Daktari alikuja mbio bila viatu. Alinichoma sindano ya mshipa, akanipulizia hewa kwa mfuko wa mpira mpaka kifua kikalegea. Inasemekana alimtazama mke wangu, kanga imechanika na damu ya mtu mwingine mdomoni, akamwambia, "Dakika moja zaidi, mama, ungekuta maiti."

Nililala mle wiki tano na nusu. Sikujua kilichokuwa kikiendelea huko juu kwetu, kwa sababu aliyejua alikuwa amekatazwa kusema nami. Mke kumpiga baba mkwe! Mbele ya usharika! Habari zilipanda mlima kabla lori halijafika. Baba mdogo, Anaeli, alisema mwanamke yule arudishwe kwao, na wengi wakamuunga mkono.

Nilirudi nyumbani kwa magongo, nimekonda, mabega yangu yameinama. Daktari alisema bado kwa wiki kadhaa mwili ungeweza kunishika, kwa hiyo kimya kiendelee. Jioni ya kwanza Karani aliingia dirishani kwa furaha na kunirukia tumboni. Nikapinda, nikaanguka kutoka kitini, nikapasua paji la uso kwenye rafu. Mama Aika alimkamata paka shingoni na kumtupa nje juu ya dalia. Sikumlaumu hata kidogo. Paka alinuna siku tatu.

Baba mdogo alikuja na wazee wawili kuleta shauri. Mama Aika aliwapokea uani na kuwaambia kwa kunong'ona, "Karibuni, shikamooni. Lakini ni kwa kunong'ona tu." Basi wakanong'ona. Jaribu kumfokea mtu kwa kunong'ona uone! Baba mdogo alitoa macho, mishipa ya shingo ikasimama, na sauti inayotoka ni kama ya mtu anayemwomba mtoto alale.

"Umemvunja baba yako mkono," akanong'ona. "Umemtia nguo kinywani kama mwizi. Ukoo unataka uondoke."

Mimi nikafungua mdomo kujibu, taya likatetemeka. Ndipo tukamwona baba akija kutoka migombani, mkono wake ukiwa umefungwa plasta. Tangu Jumapili ile hawakuwa wamesemezana, yeye na Mama Aika. Alisimama mbele ya mdogo wake.

"Nilimwimbia mama yangu hadi pumzi ya mwisho," akanong'ona. "Nikaona na mwanangu nimpe heshima hiyo hiyo. Anaeli, nilikuwa namuua. Nilikuwa namuua kwa kinywa changu, na huyu peke yake ndiye aliyekiziba. Ukimwondoa, mniondoe na mimi."

Machozi yalimtiririka hadi kwenye ndevu. Mimi niliyekuwa nimemchukia nilitamani kumkumbatia, ila sikuwa naruhusiwa kuguswa. Wazee wakakunja shauri lao wakaenda zao.

Kuanzia kesho yake baba alikuja kila asubuhi. Alivua viatu vyake kwenye njia ya juu ili nisisikie hatua, wala hakupiga hodi, yeye ambaye maisha yake yote hodi yake ilisikika hadi ng'ambo ya mto. Alichuchumaa bustanini na kupalilia kwa mkono wake mmoja mzima, gugu moja moja, kwa sababu jembe lingegonga mawe. Mama Aika alimwekea bakuli la mtori kwenye kizingiti, naye akanywa na kuondoka. Hakuna aliyesema neno. Nilikuwa nawatazama kupitia dirishani, kitabu kikiwa magotini, na sikuwa na hakika kama ni ugonjwa wangu tu unaowanyamazisha.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, nisikilizeni. Ukichomwa na msumari kwenye samadi, osha, kisha nenda zahanati siku ile ile, hata kama wewe ni fundi mwenye ngozi ya kiboko. Sindano inauma kwa kiasi cha kukunja uso. Na ukienda kumwona mgonjwa, nenda kwa moyo wako wote, lakini mlangoni muulize anayemuuguza kwanza mgonjwa anahitaji nini. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari aliyekuja mbio bila viatu. Na Mama Aika simshukuru, maana nikianza sitamaliza.

Siku daktari aliponiambia nimepona, kwamba sauti haitanidhuru tena, tulirudi tukamkuta baba amechuchumaa kwenye vitunguu, viatu amevishika kwapani. Mama Aika alimwendea.

"Baba," akasema kwa sauti yake kamili, ya kwanza kumwelekea tangu Jumapili ile, "daktari ameruhusu. Nenda njiani, uje tena, upige hodi."

Mzee akasimama, akavaa viatu, akapanda hadi njiani. Sisi tukaingia ndani, tukafunga mlango, tukamsikia akikohoa. Kisha ikaja, hodi kubwa iliyojaza migomba yote, kuku wakatawanyika. Nilishika kiti kwa mikono miwili nikasubiri mgongo unyanyuke. Haukunyanyuka.

"Karibu, baba," Mama Aika akaitikia, na akaenda mwenyewe kumfungulia.