Kinyonga Alipokosa Udongo

Kinyonga wangu alikuwa amegoma kula, na tumbo lilikuwa limemjaa mayai hadi vinundu vikaonekana ubavuni. Nilimwokota mdogo kwenye barabara ya Sanje, watoto wakitaka kumpiga mawe, nikamfuga kwenye boksi la fito nililolizungushia chandarua kuukuu. Majirani zangu hapa Ifakara walinishangaa. Waache washangae, wao wanafuga mbwa wasiowalisha.

Hajawahi kuona dume, lakini mayai hayakungoja dume, kama ya kuku tu. Na mimi niliyekulia kwenye nyumba ya kuku nikamtendea kama kuku: nikajaza karai pumba za mpunga, laini na kavu, nikamweka humo ili atage. Akachimba. Pumba zikamporomokea. Akachimba pembeni, zikamporomokea tena. Kufikia asubuhi alikuwa amelala juu ya pumba, macho kayafumba na jua limeshatoka. Kinyonga akifumba macho mchana, hali yake ni mbaya. Asingeyatoa yale mayai, yangemuua.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Mahenge kutibiwa macho, na tangu afike hakukanyaga jikoni kwa sababu ya boksi lile. Kwetu wengi wanaamini kinyonga ni nuksi.

"Akifia humu ndani, mimi narudi Mahenge," alisema akiwa mlangoni.

"Hafi, mama."

"Mbona unalia sasa?"

Nilikuwa nazichokora zile pumba kwa hasira, na shimo nililotoboa kwa kidole nalo likaporomoka. Hapo ndipo nilipozinduka. Kuku anatagia juu. Huyu alitaka kuingia chini, na alihitaji udongo unaoshikana.

Uwanja wangu umefagiliwa hadi umekuwa mgumu kama sakafu. Penye udongo mbichi palikuwa mahali pamoja tu: tuta la mchicha alilolipanda mama mwenyewe na kulimwagilia kila jioni. Sikuomba ruhusa. Nilimweka kinyonga katikati ya mchicha.

Alitulia mpaka nikakata tamaa. Kisha mkono mmoja ukakwangua, ukafuata wa pili, mche mmoja ukalala. Kichwa kikapotea, mabega, tumbo, ukabaki mkia. Udongo haukuanguka. Kuku wa jirani, ambao hawawezi kuona udongo unachimbuliwa wakakaa mbali, wakaja. Nikawafukuza, wakazungukia upande wa pili. Nilikimbizana nao mchana kutwa.

Jua lilipopungua akageuka, akatoa kichwa mdomoni mwa shimo, nyuma ikabaki ndani. Alikuwa anataga. Jogoo akamwendea moja kwa moja, na mimi nilikuwa mbali.

Fimbo ikatua kati yao. Jogoo akaruka. Mama alikuwa amesimama kwenye tuta lake, kanga kaikaza kiunoni, anahema, karibu kabisa na kitu anachokiogopa kuliko nyoka.

"Kaa upande huo," akaniambia. "Huku nipo mimi."

Tukamlinda hadi alipofukia shimo na kujikokota pembeni, ngozi ya tumbo imelegea, hana nguvu hata ya kushika kijiti. Niliogopa kuliko mwanzo. Mama akaingia ndani, nikadhani ametuchoka. Akatoka na kikombe cha maji.

"Mpe basi. Huyo ni mzazi, unamwangalia tu?"

Nikamdondoshea mdomoni tone kwa tone. Alipofungua macho na kumeza, mama alirudi nyuma kidogo, lakini hakuondoka.